Afya ya Nyumbani: Mambo Yatendekayo Mwilini mwa Mtu Aliyeambukizwa Ukimwi Karibuni



Nalikuwa nimeahidi kuandika mwezi huu habari za visima na maji ya kunywa. Habari hizo zitangoja, maana imefika barua isiyofaa kungojeshwa. Aliyeiandika ni mama wa watoto watatu. Jina lake na mji wake havitapigwa chapa hapa. Ameomba hivyo, na ni haki yake.

Baada ya salaam nyingi aeleza kwamba mume wake alipimwa damu majuma matatu yaliyopita, akaonekana ana virusi vya Ukimwi. Mwaka jana alipopimwa alikuwa hana. Mama naye alipimwa siku ile ile pamoja na mumewe, akaambiwa hana. Mume ni mchukuzi wa magunia sokoni, mtu mwenye nguvu. Hula akashiba, hulala akapumzika, wala hakohoi. Alipewa vidonge vya kumeza kila siku, akaviweka juu ya kabati, navyo viko huko hata leo. Husema, "Dawa ni za mgonjwa. Siku nitakapougua nitazimeza." Basi mama huyu auliza maneno mawili. La kwanza, je, ni kweli kwamba mumewe aweza kungoja? La pili, wakati wa mavuno, kama majuma matano kabla ya kupimwa, mumewe alishikwa na homa, akalala siku nne, kisha akaamka mzima. Je, homa ile ndiyo iliyokuwa mwanzo wa maradhi haya?

Nitaanza na neno la pili, maana jibu lake ndilo litakalotufungulia la kwanza. Tena ndani yake mna neno la tatu ambalo mama hakuliuliza, nalo lamhusu yeye mwenyewe kuliko mumewe. Mahali mume alikopata virusi sitapauliza. Hilo ni lao wawili.

Virusi ni vitu vidogo mno, wala havionekani kwa darubini ya kawaida iliyo hospitalini. Hivi vya Ukimwi vilitambuliwa mwaka 1983 katika chuo cha Pasteur mjini Paris, na wawili kati ya wataalamu wale, Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, walipewa tuzo ya Nobel kwa ajili ya kazi hiyo mwaka 2008. Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Sharti kiingie ndani ya chembe hai ya mwili na kuigeuza iwe karakana ya kutengenezea virusi vingine. Na chembe ambazo virusi hivi huzitafuta ni zile ziitwazo CD4, chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuziamrisha chembe nyingine zipigane na maradhi. Basi adui huyu huanza na wakuu wa jeshi.

Mtu aambukizwapo kwa njia ya mume na mke, kwa siku chache virusi hukaa karibu na mahali vilipoingilia, kisha huenda katika tezi, ndipo huenea katika damu. Kwa muda wa kama siku 10 hapana kipimo kiwezacho kuviona katika damu ya mtu huyo. Walakini siku za mwanzo kabisa zina faida moja, nayo nataka kila nyumba iijue. Mtu ajuaye kwamba ameingia hatarini, kama mwanamke aliyetendewa jeuri au mwuguzi aliyejichoma kwa sindano ya mgonjwa, akienda hospitali kabla ya saa 72 kupita hupewa dawa za kumeza siku 28, nazo zaweza kuzuia virusi visikae mwilini. Asingoje kuona haya kumtoke, wala asingoje Jumatatu. Saa 72 zikiisha, dawa hizo hazitamfaa tena kwa kazi ile.

Mambo yafuatayo baada ya siku hizo hayakujulikana vizuri kwa miaka mingi, maana watu huja hospitalini wakiwa wamekwisha kuugua, wala hapana ajuaye siku aliyoambukizwa. Basi madaktari wa Kericho katika Kenya, na wa Mbeya katika Tanzania, na wa Kampala katika Uganda, pamoja na wenzao wa Thailand, walifanya kazi iliyotaka uvumilivu mwingi. Waliwaandikisha watu 2,276 wasiokuwa na virusi, ambao hali ya maisha yao iliwaweka karibu na hatari, wakawaomba waje mara 2 kila juma kutoa damu kidogo. Watu wakaja, juma kwa juma, mvua na jua. Habari zao zilitolewa mwaka 2016, nami nilipozisoma naliwastaajabia wale waliokuja kutoa damu kuliko vyombo vilivyoipima. Miongoni mwao walipatikana 50 ambao mwanzo wa maambukizo yao ulionekana wazi, karibu siku kwa siku.

Ikaonekana hivi. Tangu siku virusi vilipotokea katika damu mara ya kwanza, vilizidi na kuzidi hata siku ya 13, vikafika kilele chake: kama milioni 5 katika mililita 1 ya damu, nayo mililita ni sehemu moja ya tano ya kijiko cha chai. Baada ya hapo vikashuka upesi, na kufikia siku ya 31 vilikuwa kama 20,000 tu. Hizo ni hesabu za mtu wa katikati. Wengine walizidi, wengine walipungukiwa.

Na homa? Dalili zilionekana zaidi katika siku zilizotangulia kilele kidogo, na penye kilele chenyewe. Lakini zilikuwa hafifu kuliko madaktari walivyodhani. Kwa mtu wa katikati ilikuwa dalili moja tu, nayo ilionekana katika kuja kwake mara 2, kisha ikatoweka. Vitabu vya uganga hutaja homa, maumivu ya kichwa, koo kuwasha, mitoki shingoni na makwapani, maungo kuuma na vipele vya kifuani, navyo husema mambo haya huja majuma 2 hadi 4 baada ya kuambukizwa. Ni kweli, ila mtu asidhani kwamba sharti ayapate yote. Wengi hupata moja, na wengine hawakumbuki kitu.

Msomaji wa pwani au wa kando ya ziwa ataniambia, "Dalili hizo ni za malaria." Ndivyo hasa. Katika miaka ya 1990 nalikuwa mwuguzi katika zahanati moja ya shamba. Hatukuwa na darubini. Mtu akija na homa tuliandika "malaria" katika daftari, tukampa klorokwini, akapona baada ya siku chache, nasi tukafurahi kwamba dawa imefanya kazi. Leo najua kwamba wengine wao huenda walikuwa na homa hii nyingine, ambayo ingalikoma hata kama tungaliwapa maji matupu. Tuliwarudisha nyumbani kwa wake zao na kwa waume zao katika majuma yale yaliyo mabaya kuliko yote, wala hatukuwaambia neno, maana sisi wenyewe hatukulijua. Daftari lile bado naliona mbele ya macho yangu.

Kwa hiyo, mama, homa ya wakati wa mavuno yaweza kuwa ndiyo, na yaweza kuwa malaria tu. Hapana awezaye kuijua kwa kuikumbuka. Lakini ikiwa ndiyo, basi mume wako alikuwa katika kilele chake siku zile, na wewe ulikuwa ukimwuguza, mkilala nyumba moja, kitanda kimoja. Hapa ndipo lilipo neno la tatu.

Katika wilaya ya Rakai, kusini ya Uganda, mpakani mwa Kagera, walifuatwa mume na mke ambao mmoja ana virusi na mwenziwe hana. Habari zilizotolewa mwaka 2005 zaonyesha kwamba hatari kwa yule asiye navyo haikuwa sawa siku zote. Kwa kila mara 1,000 ambazo mume na mke walikutana, maambukizo yalitokea kama mara 8 katika miezi ile miwili na nusu ya kwanza. Baadaye, katika miaka ya kimya, yalikuwa kama mara 1. Mwisho, mgonjwa alipokaribia kufa, yakapanda tena yakawa kama mara 3. Basi wakati wa hatari iliyo kubwa ndio ule ambao mtu ameambukizwa juzi, hajijui, na uso wake wang'aa kwa afya.

Tena kipimo kinachotumiwa katika zahanati nyingi hakitafuti virusi vyenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani zile silaha ambazo mwili huzitengeneza baada ya kumtambua adui, nazo huchukua muda kutokea: kwa wengi ni kati ya siku 23 na siku 90 tangu kuambukizwa. Mtu apimwaye kabla ya hapo huambiwa hana, naye aweza kuwa navyo. Mama alipimwa mara 1, siku ile ile ya mumewe. Jibu lile lilikuwa kweli kwa siku zilizopita zamani. Kwa siku za mavuno na zilizofuata halitoshi. Sisemi kwamba ameambukizwa. Watu wengi wa namna yake hupimwa tena na kuonekana salama. Nasema arudi kupimwa juma hili, na baada ya miezi 3 arudi tena, hata kama mumewe atakuwa amekwisha kuanza dawa. Na katika muda huo watumie mipira, wala asione haya kumwuliza mwuguzi habari za dawa ya kinga, ile ambayo humezwa na mtu asiye na virusi ili asivipate. Kama ananyonyesha amwambie mwuguzi neno hilo mapema kabla ya mengine yote, maana mama aambukizwaye wakati wa kunyonyesha huwa na virusi vingi sana katika maziwa yake.

Sasa twaja kwenye kungoja.

Baada ya mwezi ule wa kwanza mwili hupata kujipanga. Askari wengine wa damu huziua zile chembe zilizogeuzwa kuwa karakana, na virusi hushuka kutoka mamilioni hata maelfu. Mtu hupata nafuu, naye hudhani kwamba kama palikuwa na vita, basi vimekwisha. Lakini katika majuma yale machache mambo mawili yamekwisha kutendeka asiyoyajua. La kwanza, katika utumbo, ambako askari wa CD4 ni wengi kuliko walio katika damu, wameuawa kwa wingi mno. La pili, virusi vimekwisha kuingiza maandiko yao ndani ya kiini cha chembe fulani zilizo kimya, nazo chembe hizo huishi miaka mingi bila ya kufanya kazi yoyote ya kuonekana. Dawa tulizo nazo huzuia karakana. Kitu kilicholala ndani ya chembe iliyolala haziwezi kukifikia. Ndiyo sababu mwenye virusi hutumia dawa maisha yake yote. Wako watu wachache mno duniani walioponywa kabisa, nao wengi wao walibadilishiwa uboho wa mifupa kwa sababu ya saratani ya damu, kazi yenye hatari kubwa isiyoweza kufanyiwa kila mtu.

Zamani madaktari wenyewe walidhani kwamba katika miaka hii ya kimya virusi hulala. Mwaka 1995 makundi mawili ya wataalamu wa Marekani, moja la David Ho na moja la George Shaw, waliwapa wagonjwa dawa mpya za kuzuia karakana, wakahesabu jinsi virusi vilivyopungua siku kwa siku. Vilishuka upesi mno. Wakafahamu kwamba kila siku, ndani ya mtu aendaye kazini na kurudi, virusi hutengenezwa kwa mabilioni na kuharibiwa kwa mabilioni, na chembe za CD4 nazo huzaliwa na kufa kwa wingi wa ajabu. Mfikirie mwanamke mwenye mtungi uliotoboka chini. Maji yavuja, naye ateka na kumimina, ateka na kumimina, na mtu apitaye mlangoni auona mtungi umejaa. Hajui kwamba bibi yule hajaketi tangu alfajiri.

Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe za CD4 kati ya 500 na 1,500 katika milimita 1 ya ujazo ya damu. Bila ya dawa hupungua, kwa wastani, kama 50 hadi 100 kila mwaka. Mtu mwenye 400 hubeba gunia vilevile kama mwenye 900, na wako waliobeba wakiwa na 250. Mume wa mama huyu ajipimapo kwa magunia apima misuli yake. Damu yake haipimwi hivyo.

Muda huu ni wa miaka mingapi? Katika vijiji vya Masaka, Uganda, watu walifuatwa tangu kuambukizwa kwao, kabla dawa hazijapatikana huko. Nusu yao walifikia Ukimwi wenyewe kabla ya miaka 9 na miezi 5 kutimia, na nusu waliobaki waliifikia baadaye. Palikuwa na watu waliodhani kwamba Mwafrika hufa upesi zaidi kwa ugonjwa huu, kwa sababu ya malaria na chakula kidogo. Hesabu za Masaka zilionyesha kwamba muda wetu haukupitana sana na ule wa nchi za Ulaya wakati wa kukosa dawa. Wengine huenda upesi, miaka 2 au 3 tu. Wengine hukaa miaka 15 na zaidi. Wako wachache, chini ya mtu 1 katika 100, ambao miili yao huvizuia virusi bila ya dawa kwa muda mrefu. Kwa sehemu hutegemea virusi vilitulia katika kiwango gani baada ya mwezi wa kwanza: vikitulia juu, mtu huenda upesi. Hutegemea na umri pia, maana mzee huenda upesi kuliko kijana, na mtoto mchanga huenda upesi kuliko wote. Watoto waliozaliwa na virusi wasipate dawa, karibu nusu yao au zaidi hufa kabla ya kutimiza miaka 2. Mume wa mama huyu yuko katika kundi gani? Yeye mwenyewe hajui, na kwa kungoja atajua wakati usiofaa tena.

Urefu huu wa miaka ndio uliowapoteza wazee wetu. Katika Tanzania wagonjwa 3 wa kwanza walijulikana mwaka 1983, huko Kagera. Ng'ambo ya pili ya mpaka, katika Rakai, watu walikuwa wakikonda na kufa, wakauita ugonjwa "slim" kwa sababu ya kukonda kwao. Yamkini wengi wa waliokufa katika miaka ile walikuwa wameambukizwa katika miaka ya 1970. Nani angeweza kuunganisha mambo mawili yaliyopitana kwa miaka mingi hivyo? Mtu akila uyoga mbaya jioni na kutapika usiku, kila mtu aona sababu. Lakini huyu alifanya biashara ya magendo ziwani, akajenga nyumba ya bati, akaoa, akazaa, na baada ya miaka mingi akaanza kuhara na kukonda. Basi wengine wakasema ni uchawi wa wafanya biashara aliowadhulumu. Siwacheki. Walitafuta sababu iliyo karibu, kwa kuwa iliyo ya kweli ilikuwa imekwisha kusahauliwa.

Mwisho wa safari hii nitausema kwa maneno machache, maana wengi wetu tumeuona katika nyumba zetu. Huanza kwa mambo madogo: mkanda wa jeshi kwa kijana ambaye hakustahili kuupata, utando mweupe kinywani, vipele visivyopona, uzito kupungua. Kifua kikuu chaweza kuja wakati wowote, hata CD4 zikiwa bado nyingi. Zikishuka chini ya 200 huja maradhi ambayo mwili mzima huyafukuza bila hata ya mwenyewe kujua, kama kuvu iingiayo katika ubongo na kuleta maumivu makali ya kichwa. Huko Masaka, tangu hatua hii hata kufa, nusu ya wagonjwa hawakumaliza miezi 10. Mtu asemaye, "Nitaanza siku nitakapougua," ajua au hajui, siku aitajayo ndiyo hiyo.

Lakini nataka kuwa mwenye haki kwa mume huyu. Maneno yake hakuyatunga. Yamkini aliyasikia kwa mjomba au kwa rafiki aliyekwenda kliniki zamani, maana kwa miaka mingi hospitali zenyewe ziliwarudisha watu na kuwaambia, "CD4 zako bado nyingi, nenda, utarudi zikipungua." Mimi mwenyewe nimeyasema maneno hayo kwa watu wengi, kama nilivyoagizwa. Dawa zilikuwa chache, tena zile za kwanza zilikuwa na taabu zake. Yaliyobadilisha mambo ni uchunguzi uliomalizika mwaka 2015, wa watu 4,685 katika nchi 35, wote wakiwa na CD4 zaidi ya 500, yaani watu wenye nguvu kama mchukuzi wetu. Nusu yao walipewa dawa mara moja. Nusu waliambiwa wangoje mpaka CD4 zishuke kufika 350, au maradhi yatokee. Maradhi makubwa na vifo vilikuwa pungufu kwa 57 katika 100 kwa wale walioanza mara moja. Madaktari hawakungoja muda waliokusudia uishe. Waliwaambia wote waanze. Mwaka ule ule Shirika la Afya Duniani likaagiza kwamba kila mwenye virusi apewe dawa, hata CD4 zake ziwe ngapi, na Tanzania, Kenya na Uganda zikafuata mwaka 2016.

Siku hizi kwa watu wengi dawa ni kidonge 1 kwa siku, ambacho ndani yake mna dawa 3. Azimezaye kila siku, baada ya miezi michache virusi katika damu yake hupungua hata kipimo hakivioni. Bibi wa mtungi hupata kupumzika, na CD4 huanza kupanda. Na jambo hili lamhusu mkewe: uchunguzi wa miaka ya 2011 hadi 2019 uliofuata maelfu ya waume na wake na wapenzi umeonyesha kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani tena katika kipimo, naye haachi dawa, hamwambukizi mwenziwe kwa kukutana naye. Sharti kwanza kipimo cha wingi wa virusi kilithibitishe neno hili. Isiwe kwa kukisia. Zaidi ya hayo, aanzaye katika majuma ya kwanza huwa na akiba ndogo zaidi ya virusi vilivyofichama katika zile chembe kimya. Akiziacha dawa, virusi hutoka mafichoni na kurudi katika damu, kwa wengi ndani ya majuma machache tu.

Kwa mama nasema hivi. Usimwambie mumeo kwamba yu mgonjwa, maana atabishana nawe, na kwa kadiri ajionavyo atakushinda. Mwulize kama angependa kuona hesabu yake. Aende kliniki aombe wapime CD4 zake na wingi wa virusi, aone kwa macho yake jambo linalotendeka wakati yeye abeba magunia. Wanaume wengi niliowahudumia walikataa maneno yote, kisha wakakubali mbele ya karatasi yenye namba. Vidonge vilivyo juu ya kabati navipelekwe pamoja naye, mwuguzi atazame kama havikuharibika kwa joto, na kama mumeo hana dalili ya kifua kikuu au ya homa ya uti wa mgongo, aanze siku ile ile. Naye asitazamiwe kuanza bila taabu. Wengine husumbuliwa na kichwa au usingizi katika majuma ya kwanza, na wengi wao hupata nafuu upesi.

Nawe usiende nyuma yake kama msindikizaji. Nenda na cheti chako mwenyewe, ukasema, "Mume wangu ameambukizwa katika mwaka huu, na mimi nalipimwa mara 1 tu." Mwuguzi asikiapo maneno hayo atajua la kufanya.

Mama mwingine wa upande wa ziwa ameuliza habari za watoto wanyonyao na maziwa ya mama aliye katika dawa. Nitamjibu mwezi ujao, na visima vitangoja tena. Na wewe mama wa barua ya kwanza, majibu ya kipimo chako yatakapotoka, yawayo yote, niandikie.